Nilivyowaandika Wacheki kwa Kumjua Mmoja

Kuna wakati nilikuwa mwandishi mashuhuri katika miji mitatu ya Amerika, na nikisema mashuhuri sitanii. Louisville walinisoma, Columbus walinisoma, Buffalo walinisoma. Ukiwatoa watu ambao si Wakongo, ukiwatoa Wakongo wasiokwenda kanisani, kisha ukiwatoa wale wanaokwenda ila jarida wanalitumia kujipepea, bado walibaki wasomaji arobaini hivi. Mimi niliwaita elfu nne.

Jarida lenyewe lilikuwa kurasa nane zilizobanwa kwa pini mbili. Mhariri alikaa Linden, kule Columbus, fundi wa kushona viti vya magari. Kila mwezi alilitoa fotokopi, likasafiri kwa magari ya waumini kwenda makanisa yetu ya kusini na ya kaskazini, pamoja na unga wa muhogo na samaki wakavu. Kurasa saba zilikuwa za neno la Mungu, matangazo ya harusi na picha za watoto waliofaulu. Ukurasa wa nane ulikuwa wangu.

Kuandika nilianzia Louisville. Tulikaa Newburg, mchana nikipanga masanduku ghalani, jioni nikienda shule ya usiku ya watu wazima. Siku nilipopata cheti nilikitia kwenye fremu kubwa kuliko dirisha la sebule, mke wangu akauliza sasa nje tutapaonea wapi. Mwalimu wetu wa uandishi alitufundisha jambo moja lililoniingia mpaka kwenye mifupa: msomaji hasadiki mpaka aone mahali. Andika barabara, andika rangi ya mlango, andika mti gani uko upande gani. Mafundisho mazuri kabisa. Makosa yalikuwa ya mwanafunzi.

Mwaka 2015 tulihamia Cheektowaga, kando ya Buffalo, nikapata kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Mzee wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja Mcheki, mjane, umri wake umepita themanini, mwembamba kama ufito wa uzio na mkali kama pilipili ya Bukavu. Mumewe alikuwa amefariki majira ya baridi mawili kabla sijafika. Binti yao mmoja aliishi mbali, upande wa pili wa Amerika, akipiga simu kila Jumapili.

Siku ya kwanza nilimwuliza, kama wanavyouliza Waamerika wote, habari yako leo. Akaniambia. Magoti, tumbo, jirani anayepulizia majani yake upande wa kwake, rais, mkate wa dukani usio na ganda. Nilisimama mlangoni na koti mwilini robo saa nzima, na mimi nitaapa ilikuwa saa moja. Nikafikiri mwanamke huyu hana furaha hata ya kijiko. Alipomaliza akacheka, akanitolea ndara za kitambaa kutoka kikapu cha wageni, maana nyumbani kwake kiatu cha nje hakikanyagi sakafu, akanikaribisha kahawa. Baadaye nilielewa kwamba hivyo vidogo ndivyo alivyovilalamikia. Vikubwa hakuvitaja kabisa. Sisi kwetu ni kinyume: mtu nyumba imeungua, ukimwuliza anajibu nzuri tu, tunamshukuru Mungu.

Dini hakuwa nayo. Nilipomwuliza kama anamwamini Mungu, alisema pengine kuna kitu huko juu, ila hapendi kukalishwa na watu kwenye viti vya kanisani ili akisikilize. Lakini mkate ukianguka chini aliuokota, akaupangusa, akauweka mahali pa heshima. Nami nilivihifadhi vyote hivi kichwani, nikisema moyoni: ukurasa wa nane, ukurasa wa nane.

Wacheki, kama huwajui, ni watu wa uyoga. Vuli ikifika, majani ya miti yakianza kuanguka, wanaingia msituni na vikapu na visu vya kukunja, familia nzima, kama sisi tunavyokwenda kwenye harusi. Na kila mmoja ana mahali pake ambapo hapasemwi. Kaka hamwambii kaka. Mama huyu alikuwa na mahali pake na mumewe, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Cheektowaga, na Septemba ile aliniambia niendeshe. Njiani hakunieleza kitu zaidi ya kushoto na kulia. Tulipofika kulikuwa na mtaro mpana, magoti yake hayakuuweza, nikampa mkono akavuka.

Ulikuwepo kweli, uyoga wa kofia ya kahawia na mguu mnene kama wa mtoto aliyeshiba. Kwetu uyoga tunaula, mama yangu alikuwa akiuanika juu ya paa, basi tukazungumza sana. Kisha akasimama penye miti mitatu ya mwaloni iliyokaribiana na kusema, kwa sauti ileile aliyotumia kuulalamikia mkate, kwamba mumewe yuko pale. Hakutaka sherehe ya mazishi. Kwao wengi hawataki siku hizi: mtu anachomwa, majivu anapewa wa kwake, yamekwisha. Yeye aliyaleta mwenyewe na kuyamwaga chini ya ile miti, peke yake.

"Binti yangu hapajui," alisema. "Hataki kusikia habari za kufa. Lakini lazima mtu mmoja apajue, maana na mimi nitaletwa hapa. Nimekuchagua wewe. Usimwambie mtu."

Nikasema ndiyo, mama. Niliisema mara tatu, na mkono juu ya moyo. Naikumbuka vizuri ile ndiyo kuliko siku ya harusi yangu.

Wiki mbili baadaye niliandika makala. Niliiita "Wacheki na Mtazamo Wao wa Maisha", ukurasa wa nane ukawa mdogo, mhariri akanipa na wa saba. Niliandika kuwa Mcheki ukimwuliza habari anakujibu mpaka jua lizame. Niliandika kuwa katika nchi nzima ya Wacheki hakuna mtu anayevaa kiatu ndani ya nyumba, hata mwizi anavua. Niliandika kuwa Krismasi wanafuga samaki hai kwenye bafu, na hili alinisimulia mwenyewe, la utotoni mwake, ila samaki niliyemwandika mimi alikuwa na ukubwa wa mbuzi. Wacheki wote hao niliwajua kwa kumjua mmoja. Nikimhesabu na marehemu, wawili.

Kisha nikafika kwenye kifo, na hapo kalamu ikanoga. Niliandika: "Wacheki hawalii wafu wao. Mzee huyu hakuliliwa na mtu hata mmoja. Hakukuwa na wimbo, hakukuwa na sahani ya wali, hakukuwa na mama wa kukaa chini kwenye mkeka. Alimwagwa msituni kama maji ya kuoshea vyombo." Na kwa kuwa msomaji hasadiki mpaka aone mahali, nikaandika mahali. Barabara kuu, tanki la maji la bluu, njia ya vumbi baada yake, mtaro, mialoni mitatu. Ukiwa na makala yangu mkononi ungefika hata umefumba jicho moja.

Mtu ataniuliza, na ahadi je? Nitasema ukweli, ndio maana naandika. Niliikumbuka. Nilisita, nikanywa chai, nikajiambia kwamba nimeandika kwa Kiswahili. Mama huyu hasomi Kiswahili. Majirani zake hawasomi. Katika Cheektowaga nzima Kiswahili ni kabati lenye kufuli, na ufunguo tunao sisi tu. Kusema kwa Kiswahili, nilijiambia, si kusema. Na moyoni kulikuwa na kitu kingine kidogo zaidi, ambacho sikukitazama: makala bila mialoni haikuwa nzuri.

Ilipendwa. Watu walinipigia simu kutoka Louisville wakilia. Nilitembea wiki nzima nimeinua kidevu kama twiga.

Jumamosi moja mwezi wa kumi nilikuwa jikoni kwa mama, namkatia kucha, kengele ikalia. Nilifungua mlango nikakuta vitenge. Mbele alisimama mama kiongozi wa akina mama wa Louisville, aliyenijua tangu Newburg, mwanamke mpana, mwenye huruma isiyoomba ruhusa. Nyuma yake akina mama wengine saba, wa Louisville na wa Columbus, na shemasi wetu wa Buffalo aliyezoea kunishusha pale asubuhi, ndiye aliyewaonyesha nyumba. Kwaya yao ilikuwa imealikwa kanisani kwetu Jumapili, hilo nililijua. Hili jingine hakuna aliyeniambia. Walitaka kunifurahisha.

"Papa, bon, tumekuja kwa kilio," alisema mama kiongozi, akichanganya na Kifaransa kama tunavyosema kwetu. "Mutu hawezi kuachwa vile, hata akiwa muzungu. Tulisoma yako, tukasema hapana. Donc tumepita kwanza kule porini, tumemwimbia mzee. Sasa tunakuja kukaa na mama."

Nilimwuliza porini wapi, ingawa nilijua. Akatoa jarida kifuani, limekunjwa mara nne, akanionyesha mstari wa tanki la maji.

Ningeweza kusema mama amelala. Nilikuwa nimeshafungua kinywa niseme. Lakini alikwisha kufika mwenyewe nyuma yangu na fimbo yake, akawatazama wale wanawake, akatazama miguu yao, akanyoosha kidole kwenye kikapu cha ndara. Ndara zilikuwa jozi tano. Waliobaki waliingia na soksi, na mmoja alivaa ya kushoto peke yake, na hapa sitii chumvi.

Wakajaa jikoni. Mama kiongozi alimshika mama wa Kicheki mikono yote miwili na kumpa pole, kwa Kiingereza chake cha ghalani, kifupi kisichokosea njia. Kisha akachukua beseni la plastiki kutoka kwa mwenzake na kuliweka juu ya meza, akafunua kitambaa kwa fahari. Lilikuwa limejaa uyoga.

"Tumeutoa pale mume wako amelala," alimwambia. "Tutaupika hapa, tule pamoja. Kwetu kilio bila chakula si kilio."

Mama wa Kicheki alikaa. Alivaa miwani, akavuta beseni, akaanza kuchambua, mmoja mmoja. Yenye kofia ya kahawia na chini kama sponji aliiweka kulia. Mingine aliitupa kwenye karatasi. Akafika kwenye uyoga mweupe, mzuri, msafi kama shati la ubatizo, na pete shingoni, na chini kama umevaa kifuko. Ilikuwepo mitatu ya namna hiyo. Mama mmoja wa Columbus akaeleza kwa furaha kuwa huo ameuchuma yeye, maana kwao kijijini mweupe ndio mtamu kuliko wote.

Mama wa Kicheki akauinua juu ili kila mtu auone. Alisema taratibu kwamba huo ukiliwa, siku ya kwanza utaumwa tumbo, ya pili utajiona umepona, na ya nne watu wataimba wimbo wa kwako. Nikawatafsiria. Mama wa Columbus akakaa chini palepale sakafuni. Beseni lote lilikwenda kwenye pipa la taka, hata ule mzuri, kwa sababu ulikuwa umegusana na mbaya, na wote tukanawa mikono kwa foleni kama wanafunzi.

Basi niyaongezee makosa yangu na hilo: kwa ajili ya mialoni mitatu kwenye makala nzuri, nusura niwazike akina mama wanane.

Wakaomba ruhusa ya kuimba walau wimbo mmoja. Nilifikiri atakataa, akasema waimbe. Alisimama kwenye sinki, mikono kaifunga kifuani, akitazama dirisha. Waliimba kwa sauti ya chini, sauti tatu, na mama kiongozi akaomba maombi mafupi, jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia Newburg kwa miaka yote. Mwenye nyumba alisubiri mpaka amina, akawashukuru, akampa kila mmoja biskuti mbili za mdalasini, akawaambia sasa nendeni, nyumba hii ni ndogo. Mlangoni alimwuliza mama kiongozi walijuaje mahali. Yule, bila ubaya hata chembe, akampa jarida.

"Yeye ameandika," akasema, akinionyesha mimi. "Anaandika vizuri sana."

Wakaondoka. Nilisikia gari linawaka, nikatamani niwe ndani yake, hata chini ya kiti.

Mama alirudi mezani, akaliweka jarida mbele yangu, akaniambia nisome kwa Kiingereza. Nikaanza. Mzaha wa kiatu cha mwizi niliusoma wote, akatabasamu nusu. Samaki nilimpunguza mpaka akawa wa kawaida. Nilipofika kwenye kifo nikaanza kuruka. Nikasoma mstari, nikaruka minne, nikasema mama mmoja Mcheki alimpenda mumewe, ambalo hata sikuwa nimeliandika.

Akaweka kidole kwenye karatasi. "Maneno ni mengi hapa, wewe unasema machache. Soma yote, bwana mwandishi."

Nikasoma yote. Hakuliliwa na mtu hata mmoja. Maji ya kuoshea vyombo. Kila sentensi ilinitoka kinywani kama mfupa wa samaki, na Kiingereza changu, ambacho siku nyingine kilijua kujificha, siku hiyo kilikuwa wazi kabisa. Nilimaliza na mialoni mitatu. Sikuinua uso.

"Uliniona siku ile nilipompeleka?" aliuliza.

Nikasema hapana.

"Basi ulijuaje kama sikulia?"

Akaniambia mwenyewe, kwa ile sauti yake ya mkate, kwamba alikaa pale chini ya miti kuanzia asubuhi mpaka baridi ilipomzuia kusimama, na aliyemnyanyua ni mtu aliyekuwa akipita na mbwa wake. Mumewe hakutaka watu. Yeye pia hakutaka watu. Kulia kwao kulikuwa kwao wawili. "Wewe ulitaka tulie kama mnavyolia ninyi," alisema, "na kwa kuwa hukuona, ukaandika hakuna."

Niliomba msamaha. Niliomba kwa Kiingereza, kisha bila kujua nikaendelea kwa Kiswahili. Nilitaka anifukuze, ningepata sababu ya kuondoka. Akaniambia kesho saa mbili kama kawaida, na niingie na sabuni ya vyombo, imekwisha.

Nilimpigia mhariri nikimwomba aandike masahihisho. Alicheka, akasema makala ile imependwa kuliko zote, watu wanauliza Wapolandi lini, si wamejaa Buffalo? Nikasisitiza. Akanipa mistari sita, chini ya tangazo la harusi. Niliandika kwamba mwandishi hakuwaona Wacheki wakilia kwa sababu hakuwepo, na kwamba alitoa siri isiyo yake. Hakuna aliyenipigia simu. Wote walikuwa wanatazama picha ya bibi harusi.

Jumapili iliyofuata binti alipiga simu, na mama akazungumza naye kwa Kicheki muda mrefu kuliko siku zote. Nilikuwa naosha masufuria, nikasikia yule wa upande wa pili akilia, na mama akisubiri. Alipokata simu aliniambia kuwa amemweleza. Kwa kuwa mahali pameshachapishwa, alisema, na akina mama wa miji mitatu wanapajua, ingekuwa ajabu binti yake awe wa mwisho kupajua. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Nilibaki kwake mwaka mzima. Alinicheka, alinilalamikia jirani, aliendelea kunipa kahawa. Mambo makubwa hakuniambia tena. Nilipomwuliza jambo la utotoni mwake, alinitazama mikono kwanza, kama kuona kama nina kalamu, kisha akanieleza la bei ya siagi.

Vuli ya mwaka uliofuata binti alikuja, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, pua ya mama yake. Niliwaendesha wote wawili. Safari hii hakuniambia kushoto wala kulia, maana njia naijua, na pale kwenye tanki la maji nilihisi masikio yanapata moto mpaka nikashusha kioo. Nilisimamisha gari penye njia ya vumbi. Nikashuka haraka nimpe mkono kwenye mtaro, kama mwaka ule.

"Asante," aliniambia. "Wewe utatungoja kwenye gari."

Nikarudi nikakaa. Binti alitangulia kuvuka, akageuka, akamnyooshea mama yake mikono miwili, na yule akavuka polepole, kikapu kikimpiga kiunoni. Waliingia kati ya miti. Kutoka kwenye kiti cha dereva, ukitaka, ungeweza kuona mpaka kwenye mialoni. Nikageuza uso upande wa barabara, nikabaki hivyo mpaka niliposikia mlango wa nyuma ukifunguliwa.